Msimu wa nyangumi pwani: Kwa nini hunaswa na nyavu, na mvuvi afanye nini

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, pepo za kusi zinaposhika nguvu, bahari ya Tanzania hupokea wageni wakubwa kuliko ngalawa na madau mengi yanayovua humo. Hao ni nyangumi wenye nundu, ambao husafiri kutoka bahari ya barafu iliyo kusini mwa dunia kuja kuzaa na kulea katika maji yetu yenye joto. Kuanzia Juni hadi Novemba huweza kuonekana kutoka Mtwara hadi Tanga, kando ya Mafia, Unguja na Pemba, na katika pwani ya Kenya hadi Watamu na kaskazini yake.

Msimu huo ni wakati ambao nyangumi na mvuvi hukutana mara nyingi zaidi. Mwambao wa Tanzania Bara una urefu wa takribani kilomita 1,424, lakini katika sehemu nyingi maji ya kina kifupi huishia kilomita chache tu kutoka ufukweni, kisha sakafu ya bahari huporomoka hadi kilindini. Mama nyangumi mwenye ndama hupenda ukanda huo mwembamba kwa sababu una utulivu na humweka mbali na maadui wa kilindini. Wavuvi wadogo nao hutega majarife, madema na mishipi humo humo.

Makala haya yanaeleza tabia za nyangumi zinazomwingiza katika hatari ya kunaswa, madhara yanayompata yeye na mvuvi, yale ambayo sheria inataka, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua bila kuhatarisha maisha yake.

Wageni wa kusi hufuata nini

Nyangumi si samaki. Ni mnyama anayenyonyesha, mwenye damu ya moto na mapafu, ambaye ni lazima apande juu ya maji kuvuta hewa. Njia rahisi ya kumtambua ni mkia: mkia wa samaki husimama wima na kupiga kushoto na kulia, ilhali mkia wa nyangumi umelala bapa na hupiga juu na chini. Kwa kipimo hicho, papa potwe anayewavutia watalii kisiwani Mafia ni samaki, ingawa ukubwa wake huwafanya wengine wamdhanie kuwa nyangumi.

Nyangumi mwenye nundu akikomaa huwa na urefu wa mita 13 hadi 16, na uzito wake huweza kufika tani 30 au zaidi. Katika miezi ya kiangazi cha kusini hukaa karibu na Antaktika akila kamba wadogo mno wanaoelea kwa mamilioni, na kujaza mafuta mwilini. Majira ya baridi yanapoingia huko, huanza safari ya kilomita zipatazo 6,000 kuja ukanda wa tropiki.

Mimba yake huchukua takribani miezi 11 hadi 12. Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hadi 5 na uzito unaokaribia tani moja, akiwa hana bado tabaka nene la mafuta la kumkinga dhidi ya baridi kali. Ndiyo maana mama huja kuzalia huku kwetu. Lakini maji haya hayana chakula chake cha kawaida. Kwa miezi kadhaa mama hula kidogo sana au hali kabisa, huku akimnyonyesha mtoto maziwa mazito yenye mafuta mengi. Anaishi kwa akiba aliyokuja nayo, na akiba hiyo ndiyo inayotakiwa pia kumrudisha kusini. Jambo hili ni muhimu kulikumbuka, kwa kuwa linaeleza kwa nini kamba moja iliyojisokota mkiani huweza kuwa hukumu ya kifo hata kwa mnyama wa tani 30.

Idadi ya wageni hawa haikuwa hivi zamani. Katika karne ya 20, meli za kuwinda nyangumi ziliua zaidi ya nyangumi wenye nundu 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapa ulinzi katika eneo hilo mwaka 1963. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1986 usitishaji wa uwindaji wa kibiashara ukaanza kutekelezwa duniani. Tangu hapo idadi imekuwa ikipanda. Habari hiyo ni njema, lakini maana yake pia ni kwamba nyangumi na nyavu vitazidi kukutana katika maji yaleyale.

Kwa nini nyangumi hauoni wavu

Wengi hujiuliza imekuwaje mnyama mkubwa na mwerevu kiasi hicho ashindwe kuukwepa wavu. Zipo sababu kadhaa, na karibu zote zimo katika tabia na umbile lake.

Kwanza, nyangumi mwenye nundu hana uwezo wa pomboo wa kutoa mlio na kusikiliza mwangwi wake ili kutambua kilicho mbele. Yeye husikia sana, na madume huimba nyimbo ndefu zinazosafiri mbali chini ya maji, lakini wavu hauna sauti. Uzi wa nailoni ni mwembamba, na usiku au katika maji yenye matope hauonekani. Pomboo nao, pamoja na uwezo wao huo, hunaswa kwa wingi, kwa kuwa nailoni hurudisha mwangwi hafifu.

Pili, mapezi yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyangumi mwingine yeyote, hufikia karibu theluthi moja ya urefu wa mwili. Kichwa na mapezi hayo yana vinundu, na juu yake hujishikiza viumbe wadogo wenye magamba magumu. Kamba ikipita hapo haitelezi, bali hukwama.

Tatu, nyangumi akihisi kamba inamgusa, mara nyingi hujibiringisha ili ajinasue. Kila mzunguko humwongezea mviringo wa kamba mwilini. Kurudi kinyumenyume nako si jambo analoliweza kwa urahisi. Huenda mbele, na akienda mbele hujikaza zaidi.

Nne, ndama ni mdadisi na hukaa karibu na uso wa maji, kwa sababu hulazimika kupumua kila baada ya dakika chache. Majarife yanayoelea juu juu yako katika tabaka hilohilo. Mama naye hukaa hatua chache tu kutoka kwa mtoto wake, na mtoto akinaswa haondoki. Madume yanayomgombania jike hukimbizana kwa kasi na kwa fujo, na wakati huo hayatazami kilichoko mbele.

Zana zinazohatarisha zaidi ni jarife linaloachwa liende na mkondo usiku kucha, nyavu zilizotiwa nanga bila mtu kuzilinda, kamba ndefu zinazounganisha madema na maboya, pamoja na nyavu zilizokatika au kutupwa baharini. Wavu uliotelekezwa huendelea kuvua bila mwenyewe, kwa miaka, kwa kuwa nailoni haiozi.

Kinachotokea baada ya kunaswa

Pomboo au ndama aliyenaswa chini ya maji hufa kwa kukosa hewa, mara nyingi kabla mvuvi hajaanza kuvuta wavu wake alfajiri. Kwa nyangumi mkubwa mambo huwa tofauti. Ana nguvu za kung'oa nanga na kupasua wavu, kisha akaondoka nao. Mvuvi akirudi haoni kitu, na hudhani zana zake zimeibwa au zimechukuliwa na mkondo.

Nyangumi huyo sasa anaburuta wavu, maboya na vyubwi. Kila anapopiga mkia hutumia nguvu zaidi ya kawaida, naye hana chakula cha kurudisha nguvu hizo. Kamba iliyozunguka shina la mkia hukata ngozi, kisha nyama, hadi kufikia mfupa. Vidonda huoza. Ndama aliyenaswa akiwa mdogo huteseka kwa namna nyingine: mwili unakua, kamba haikui. Kifo cha aina hii huweza kuchukua miezi, na hutokea mbali na mahali aliponaswa, hivyo hakuna anayekihesabu.

Tume ya Kimataifa ya Nyangumi inakadiria kuwa takribani nyangumi na pomboo 300,000 hufa kila mwaka duniani kwa kunaswa na zana za uvuvi. Watafiti wanaochunguza picha za nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini wanaokaribia kutoweka wamegundua kuwa zaidi ya asilimia 80 ya nyangumi hao wana makovu ya kamba, na zaidi ya nusu wamenaswa zaidi ya mara moja.

Karibu nasi zaidi, katika pwani ya Oman, lipo kundi dogo la nyangumi wenye nundu wa Bahari ya Uarabuni. Hawa hawasafiri kwenda Antaktika; huishi hukohuko mwaka mzima, na hesabu zilizofanywa kwa kutambua picha za mikia yao zilikadiria kuwa hawafiki 100. Kati ya asilimia 30 na 40 ya waliochunguzwa walikuwa na makovu yanayoelekea kuwa ya nyavu. Kwa kundi dogo kama hilo, kumpoteza jike mmoja anayezaa ni pigo kwa kizazi kizima.

Hasara haiishii kwa nyangumi

Ni rahisi kulizungumza jambo hili kana kwamba mvuvi ndiye mkosaji na nyangumi ndiye mwathirika. Kwa kweli, hakuna mvuvi anayetega jarife akitamani nyangumi aingie. Wavu uliochukuliwa ni mtaji. Mara nyingi umenunuliwa kwa mkopo au kwa fedha za tajiri anayemiliki chombo, na mabaharia kadhaa hula kupitia wavu huo. Usiku mmoja unaweza kuiacha familia na deni lisilo na njia ya kulipwa.

Ipo pia hatari ya maisha. Nyangumi aliyenaswa ana hofu na maumivu, na pigo moja la mkia wake latosha kuvunja mashua. Mwezi Juni mwaka 2003, huko Kaikoura nchini New Zealand, mzamiaji Tom Smith aliuawa na mkia wa nyangumi mwenye nundu alipokuwa akijaribu kumkata kamba. Julai 2017, mvuvi wa Kanada Joe Howlett, aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuokoa nyangumi, alifariki papo hapo mara tu baada ya kuikata kamba ya mwisho iliyomfunga nyangumi aliyekuwa akimsaidia. Ikiwa mtu mwenye ujuzi na vifaa vyake alipata maafa hayo, mvuvi aliye na kisu na ngalawa tu hana budi kujihadhari zaidi.

Sheria inasemaje

Nyangumi, pomboo na nguva ni wanyama wanaolindwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza kuwavua na kuwaua. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 ndiyo msingi wa hifadhi za bahari za Mafia, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, pamoja na Silikanti mkoani Tanga, ambazo zote zimo katika njia ya nyangumi. Kwa upande wa Zanzibar, Ghuba ya Menai, iliyo karibu na Kizimkazi, nayo ni eneo la hifadhi.

Kimataifa, Tanzania na Kenya ni wanachama wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi na wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi. Tume hiyo ya Jodari imepiga marufuku nyavu za kuelea zenye urefu unaozidi kilomita 2.5, katazo hilo lilianza kwenye bahari kuu, na tangu Januari 1, 2022 linahusu eneo lote la mamlaka yake. Imekataza pia kuwazungushia nyangumi nyavu kwa makusudi, na inazitaka nchi wanachama kutoa taarifa nyangumi wanaponaswa.

Ni vyema wananchi watofautishe mambo mawili. Kuwinda nyangumi ni kosa. Nyangumi kuingia wavuni kwa bahati mbaya ni ajali, na ajali huhitaji kutolewa taarifa. Mvuvi anayenyamaza kwa kuogopa kushitakiwa huinyima Serikali na watafiti taarifa ambazo zingesaidia kujua ni wapi, lini na kwa zana gani ajali hizi hutokea. Bila taarifa hizo haiwezekani kupanga hatua zinazomlinda nyangumi bila kumfungia mvuvi bahari yote.

Namna ya kupunguza ajali

Uzoefu wa nchi mbalimbali unaonyesha kuwa mabadiliko madogo katika utegaji huweza kuleta tofauti kubwa.

Nchini Pakistan, wavuvi wa jodari walijaribu kushusha nyavu zao takribani mita 2 chini ya uso wa bahari badala ya kuziacha zielee juu. Idadi ya pomboo na nyangumi walionaswa ilishuka mno, huku mapato ya jodari yakiathirika kidogo. Huko Australia Magharibi, wavuvi wa kamba-koche walitakiwa kupunguza urefu wa kamba na kuondoa kamba zinazoelea ovyo juu ya maji wakati wa msimu wa nyangumi, na ajali zikapungua kwa kiasi kikubwa.

Vipo pia vifaa vidogo vya kutoa mlio ambavyo hufungwa kwenye wavu ili kuwatahadharisha wanyama. Majaribio, yakiwemo yaliyofanywa Zanzibar, yameonyesha kuwa vinaweza kuwasaidia pomboo. Kwa nyangumi wenye nundu, hata hivyo, majaribio ya Australia hayakuonyesha kuwa walibadili njia kwa kusikia mlio huo. Vifaa hivyo vina gharama na huhitaji betri, hivyo haviwezi kuwa jibu pekee kwa mvuvi mdogo.

Mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mvuvi wa kawaida ni haya:

• Kabla ya kutega, tazama bahari kwa dakika kadhaa. Mvuke mweupe unaoruka juu, mgongo mweusi au mkia ni ishara ya kusogea mahali pengine au kusubiri.

• Usiache jarife bila mlinzi, na punguza saa za kuliacha majini katika miezi ya Julai hadi Oktoba.

• Inapowezekana, shusha wavu mita 2 chini ya uso wa maji kwa kurefusha kamba za maboya.

• Kamba za madema zisizidi urefu unaohitajika. Kamba iliyolegea juu ya maji ndiyo inayonasa.

• Weka alama ya chombo chako kwenye maboya, ili wavu ukipatikana urudishwe na ajali iweze kufuatiliwa.

• Wavu uliochakaa urudishwe pwani. Usitupwe baharini.

Ukimkuta nyangumi aliyenaswa

Kanuni ya kwanza ni kulinda maisha ya watu. Mbinu inayotumika leo na waokoaji ilianzishwa mwaka 1984 katika pwani ya Massachusetts, Marekani, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa bahari cha Provincetown. Hufunga maboya makubwa kwenye kamba anayoiburuta nyangumi ili achoke na apunguze mwendo, kisha hukata kamba kwa visu maalumu vyenye mipini mirefu wakiwa ndani ya boti. Hawaingii majini. Afrika Kusini ina mtandao wa waokoaji wa aina hiyo tangu mwaka 2006, na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi hutoa mafunzo kwa nchi zinazohitaji.

Mwananchi asiye na mafunzo hayo azingatie yafuatayo:

1. Usiingie majini na usijaribu kumpanda au kumshika nyangumi.

2. Ikiwa wavu alionasia umefungwa kwenye chombo chako, ufungue au ukate upande wa chombo mara moja. Wavu hununuliwa tena. Ukiweza, acha boya kwenye ncha yake ili uonekane.

3. Kaa umbali wa mita 100 au zaidi, mashine ikiwa katika mwendo mdogo. Usipite kati ya mama na ndama.

4. Usikate kamba na maboya anayoyaburuta nyuma. Ukiyakata, nyangumi huondoka na kamba zilizombana mwilini, na waokoaji hukosa pa kumshikia.

5. Andika saa, mahali, uelekeo anaokwenda, rangi na aina ya kamba, na kama ana ndama. Piga picha au video kwa simu.

6. Toa taarifa haraka kwa ofisa uvuvi wa eneo lako, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha diko lako, hifadhi ya bahari iliyo karibu au kituo cha polisi.

Iwapo nyangumi au pomboo atakwama ufukweni akiwa hai, watu wazuiwe kumsonga, asivutwe kwa mkia, na ngozi yake ilowanishwe bila kumwaga maji katika tundu la pua lililo juu ya kichwa. Akiwa amekufa, nyama yake isiliwe. Aprili 2006, mamia ya pomboo waliokufa walipopatikana katika ufukwe wa Nungwi, Unguja, mamlaka ziliwatahadharisha wananchi wasile nyama hiyo kwa kuwa chanzo cha vifo hakikuwa kimejulikana. Tahadhari hiyo yafaa kufuatwa kila mara.

Faida ya kuwalinda

Nyangumi anayepumua mbele ya boti ya watalii huleta kipato leo na mwakani. Kizimkazi ni ushahidi wa karibu: pomboo ambao zamani waliwindwa kwa ajili ya nyama ya chambo, sasa ndio wanaoleta wageni na ajira kijijini, na nyangumi huongezeka katika mandhari hayo kila msimu wa kusi. Nyangumi pia hurutubisha bahari, kwani kinyesi chake hulisha viumbe wadogo ambao ni mwanzo wa mlolongo wa chakula cha samaki.

Mafanikio ya ulinzi huu yatategemea zaidi mtu anayetoka na chombo saa 10 jioni na kurudi alfajiri. Yeye ndiye anayeijua bahari, ndiye wa kwanza kumwona nyangumi akiwa mashakani, na ndiye mwenye zana zinazoweza kumdhuru. Taarifa moja anayoitoa kwa wakati inaweza kumwokoa ndama, ikaokoa wavu wa mwenzake kesho, na ikawazuia mabaharia wasiingie katika hatari ambayo si ya lazima. Pepo zitakapogeuka na kaskazi kuanza kuvuma, mama na ndama wake watakuwa njiani kurudi kusini. Wananchi wa pwani wanahimizwa kuhakikisha kuwa wanaondoka salama, bila kamba iliyotoka katika maji yetu.